Shilingi 4 zilizopotea na ekstensheni za Kaloleni

Acha nikuambie vile shilingi 4 zilikaribia kuvunja chama cha wamama huku Kaloleni. Na kosa lilikuwa langu, si la mweka hazina.

Chama kina watu 12. Mwisho wa mwaka walikuwa na faida ya shilingi 10,000 ya kugawana, na mimi ndiye niliyekuwa nimewaandikia programu ya kupiga hesabu badala ya kaunta buku. Programu ikakata senti, ikasema kila mtu apewe 833. Haya, zidisha 833 mara 12. Unapata 9,996. Wewe utasema hiyo ni pesa gani, hata peremende hainunui. Lakini kwenye kikao cha chama hakuna anayeuliza ni pesa ngapi, watu wanauliza ni nani amekula. Mweka hazina, mama wa rika la shosho wangu, aliangaliwa vile mtu huangaliwa kwa matatu simu ya jirani ikipotea.

Nikaenda home nikarekebisha chap chap. Sasa kila mtu akapata 834, na jumla ikawa 10,008. Yaani niliziba shimo la shilingi 4 nikachimba lingine la shilingi 8, na ningelipeleka hivyo hivyo kwa kikao kama shosho mwenyewe hangetoa kalamu akajumlisha. Jibu lilikuwa rahisi: watu wanne wapate 834, wanane wapate 833, na chama kiamue ni akina nani watakuwa wale wanne. Jumlisha uone.

Hapo ndipo niliacha kuamini macho yangu nikaanza kuandika majaribio. Kama hujawahi kuandika, jaribio ni programu ndogo inayouliza programu kubwa swali ambalo jibu lake tayari unalijua. Je, mgao wote ukijumlishwa unarudi kuwa pesa zilizokuwepo? Ikiwa ndiyo, SAWA. Ikiwa la, SIO SAWA, na unaambiwa ni wapi. Unayaendesha yote kila ukigusa kitu, hata kama umegusa nukta moja.

Programu yenyewe niliiandika kwa Nuru, lugha ya kompyuta iliyotoka Tanzania ambayo maneno yake ni ya Kiswahili: fanya, unda, kama, sivyo, rudisha. Usidhani ni uzalendo. Nilitaka shosho aweze kuchungulia kodi (ya kompyuta, si ile ya nyumba) na aone penye pesa zinagawanywa. Basi nikaamua nitengeneze na maktaba ya majaribio ya lugha hiyo, yaani mkoba wa vifaa ambao mtu yeyote anayeandika kwa Nuru anaweza kuazima. Sehemu kubwa niliiandikia ndani ya maktaba nyingine, ile ya vitabu hapa Kaloleni, tawi la McMillan ambalo Book Bunk walilikarabati. Kwa hivyo nikisema nilikuwa maktaba nikiandika maktaba, sijachanganyikiwa.

Toleo la kwanza lilikuwa aibu. Niliweka kila kitu ndani ya chungu kimoja: kulinganisha majibu, kuhesabu majaribio, kuchapisha matokeo kwa rangi. Msee mmoja wa mtaa anayeendesha duka la M-Pesa akaiazima kwa hesabu za floti yake. Akataka kulinganisha kunakokubali tofauti ya senti kadhaa. Nikafungua tumbo la maktaba nikaongeza. Mwingine hakutaka rangi, alitaka muhtasari mfupi unaotosha kwa SMS. Nikafungua tena. Kila nikifungua, kitu cha mtu mwingine kinavunjika. Wakachoka kuningoja, kila mmoja akachukua nakala akaongeza vyake, na kila nakala ikawa na kihesabio chake.

Siku moja nikaunganisha nakala mbili kwenye faili moja. Skrini ikaonyesha jaribio namba 5 mara mbili, na mwishoni ikaandika majaribio 7, yote SAWA. Mimi nilikuwa nimeandika 11. Manne hayakuhesabiwa, na kati ya hayo mawili yalikuwa yamefeli. Hebu fikiria hiyo. Afadhali usiwe na majaribio kabisa, angalau utaogopa. Jaribio linalokudanganya SAWA linakupeleka kwa kikao ukiwa umetulia.

Jibu lilikuwa nje ya dirisha. Ukishuka Jogoo Road pale karibu na City Stadium ukaingia Kaloleni, utakuta nyumba za kanjo za miaka ya 1940. Wazee watakuambia zilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano. Kando ya nyumba hizo utaona vyumba vya mabati vimeegemezwa. Hizo tunaita ekstensheni. Kijana akikua anaongezewa chumba, mpangaji akipatikana anaongezewa chumba, cha duka, cha kinyozi. Sasa angalia vile fundi anafanya: habomoi ukuta wa mawe. Anaegemea. Mabati yakioza unayatoa, nyumba inabaki vile ilivyokuwa. (Kanjo ina maoni yake kuhusu hayo mabati, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.)

Maktaba yangu haikuwa na ukuta wa kuegemea. Kila aliyetaka chumba alilazimika kupasua sebule.

Nilipoanza kusoma niligundua watu wa lugha ya Perl walipambana na kitu hiki hiki zamani. Tangu siku za kwanza za Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka 1987, majaribio yao yalichapisha mistari ya kawaida kabisa: jaribio namba fulani limepita, namba fulani limefeli, na juu kabisa ahadi ya idadi, kwamba leo nitaendesha majaribio 11. Yakija 7 unajua kuna mengine yamepotelea njiani. Ahadi hiyo peke yake ingeniokoa. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Michael Schwern na mwenzake anayejiita chromatic wakatoa Test::Builder. Hiyo ndiyo ilinifungua macho. Kazi yake ni ndogo: inashika kihesabio kimoja na kuandika matokeo. Mtu yeyote anaweza kutengeneza vifaa vyake vya kulinganisha, vya tarehe, vya maandishi, vya chochote, mradi vyote viandike kupitia hapo. Vifaa vya watu wawili wasiojuana vinakaa kwenye faili moja bila kugongana namba.

Unaona ni nini hiyo? Ni kaunta buku ya chama. Wanachama 12, kila mmoja na biashara yake, lakini daftari ni moja na mwenye kalamu ni mmoja.

Basi nikatupa toleo la kwanza. La pili lina kiini kidogo sana nilichokiita daftari. Kinajua kupokea ahadi ya idadi, kupokea tokeo, kulipa namba, na kulisoma kwa yeyote anayetaka. Hakijui pesa ni nini, hakijui rangi, hakijui SMS. Upande mmoja wanaegemea walinganishaji: wa kawaida, wa pesa zenye senti, wa orodha. Upande wa pili wanaegemea wachapishaji: wa skrini, wa SMS. Mlinganishaji haruhusiwi kuchapisha chochote mwenyewe, hata nukta. Sheria hiyo ndiyo watu hulalamikia zaidi, na ndiyo sitailegeza.

Kuna njia nyingine, usifikiri hii ni Biblia. JUnit ya Java, ambayo Kent Beck na Erich Gamma waliianza ndani ya ndege mwaka 1997, ilianza kwa kukufanya urithi darasa lao ndipo uandike jaribio. Pytest ya Python imeacha milango mingi wazi kwa viongezi, na leo ina zaidi ya 1,000 vilivyoandikwa na watu wa nje. Lakini milango mingi inataka bawabu wengi, na huku bawabu ni mimi peke yangu na laptopu yenye betri mgonjwa.

Kiongezi ninachokipenda zaidi sikukipanga. Shosho alitaka kuandika visa vyake bila kujua programu, kwa hivyo nikaegemeza mlinganishaji anayesoma jedwali: pesa zilizopo, idadi ya watu, mgao unaotarajiwa. Sikugusa daftari hata kidogo. Jumamosi ya kwanza alileta visa tisa vimeandikwa kwa kalamu ya bluu. “Kijana, mtu akijitoa katikati ya mwaka? Na aliyekopa hajalipa, anapata faida?” Viwili vilitoka SIO SAWA, na programu ilikuwa imetumika miezi mitatu.

Lakini kuna kitu kimoja daftari lilishindwa. Tokeo nililihifadhi kama kweli au sikweli tu. Shosho akauliza, mwanachama akifariki, mgao wake unaenda kwa nani? Katiba ya chama haisemi. Hiyo si SAWA wala SIO SAWA, na huwezi kuegemeza jibu la tatu kwenye ukuta uliojengewa majibu mawili. Ilibidi nibomoe. Sasa kila tokeo ni kamusi ndogo yenye jina, hali na maelezo, ili kesho mtu akitaka kuongeza kitu aongeze tu sehemu. Vifaa vya yule jamaa wa floti vilivunjika tena, na amenikumbusha mara kadhaa.

Hali mpya inaitwa BADO. Kisa cha marehemu kimekaa namba 27, BADO, na kitachapishwa hivyo kila programu ikiendeshwa mpaka wamama wakae waamue. Kikao ni mwisho wa mwezi. Shosho ameniambia nisikiguse.