Theluji Huonya Kabla ya Kuporomoka

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini iko misiba ibishayo hodi kabla ya kuingia, na mmojawapo ni poromoko la theluji milimani.

Tarehe 27 Mei, 2023, wafugaji wahamaji walikuwa wakivuka njia ya mlima iitwayo Shounter, kaskazini mwa Pakistan, wakitoka Azad Kashmir kwenda Astore pamoja na mbuzi wao. Njia hiyo imepita zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Theluji iliporomoka ikawafunika. Waliofariki walifika 11, wakiwamo wanawake na mtoto mdogo. Maskini hawa hawakwenda kutalii. Walifuata malisho, kama wafanyavyo wahamaji wa huko kila mwaka baridi inapokwisha.

Msomaji atauliza: ikiwa baridi imekwisha, hatari yatoka wapi? Mimi mtu wa pwani, ambaye baridi kali niijuayo ni ya kipupwe, nilijiuliza swali hilo hilo. Kumbe kuyeyuka kwenyewe ndiko kunakoleta balaa. Theluji hulala mlimani tabaka juu ya tabaka. Jua likiipiga, maji huchuruzika ndani yake mpaka yafike tabaka gumu au mwamba. Hapo huwa kama sabuni chini ya mkeka: cha juu hukosa cha kushika, kikateleza chote. Tena theluji iliyolowa ni nzito. Mita moja ya ujazo yaweza kuwa na kilo 300 hadi 500. Ikishasimama hukaza kama saruji, na aliyefunikwa hawezi hata kuinua mkono.

Kwa hiyo msafiri wa majira hayo huanza kwa kutazama usiku. Mbingu zikiwa wazi, joto hupaa na theluji huganda ikawa ngumu ya kukanyagika. Kukiwa na mawingu, haigandi vyema. Na mvua ikinyesha, afadhali asitoke. Hushika njia kabla ya mapambazuko, akawa amekwisha kuivuka miteremko kabla ya adhuhuri. Huko kaskazini mwa dunia, miteremko ya mashariki huota jua kwanza, kisha ya kusini, na ya magharibi mwisho.

Miteremko ya kuogopwa zaidi ni ile yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Mguu ukianza kuzama mpaka kifundoni au zaidi, na vibonge vya theluji vikianza kubingirika vyenyewe, hiyo ndiyo hodi. Na ikiwa hapana budi kuvuka, huvuka mmoja mmoja, wenzake wakimtazama kutoka mahali pa salama. Kamwe wasipumzike wala kupiga hema chini ya mteremko uliobeba theluji.

Wapandaji wenye uwezo huvaa kijiredio kitoacho ishara, wakachukua ufito mrefu wa kuchomea theluji na sepeto la kuchimbia. Vyote vitatu huenda pamoja, maana kimoja peke yake hakifai kitu. Tena mwokozi wa kweli ni mwenzako aliye hapo hapo: anayefukuliwa katika dakika 10 za mwanzo aghalabu hupona, lakini baada ya hapo matumaini hupungua upesi mno.

Najua kumwambia mfugaji angoje si jambo jepesi. Mbuzi wana njaa, majani yako ng'ambo, na akiba ya unga inakwisha. Kila siku ya kungoja ina gharama yake. Lakini hata sisi huku, nahodha akiona bahari imechafuka huirudisha jahazi bandarini, na mwenye shehena akanung'unika apendavyo. Hapana amwitaye nahodha huyo mwoga. Na mlimani vivyo hivyo: anayejua saa ya kurudi ndiye wa kufuatwa.