Tairi Iliyolala Nayo Huzeeka

Miongoni mwa motakaa za zamani ambazo watu wa Kenya huzihifadhi kwa mapenzi, imo Peugeot 404, ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena miaka ya 1966, 1967 na 1968. Mwenye motakaa ya namna hiyo huiosha, huipaka rangi na kuifunika turubali, naye huitoa barabarani siku chache tu katika mwaka. Kwa hiyo tairi zake haziliwi na barabara. Akizitazama, huona mifereji yake ina kina kile kile cha siku alipozinunua, naye husema moyoni kwamba tairi zake ni mpya. Hapo ndipo penye hatari.

Yafaa tujue kwamba tairi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulika, nayo huonekana kwa macho. Ya pili ni kuzeeka, nayo huenda kimya kimya. Hewa, joto na mwanga wa jua huufanya mpira kuwa mgumu na mkavu, hata ukapoteza ule uwezo wake wa kunyumbuka. Hewa iitwayo ozoni huutia nyufa ndogo ndogo ubavuni. Watengenezaji huchanganya nta na dawa ndani ya mpira ili kuukinga, lakini nta hiyo hupanda juu vizuri pale tairi inapozunguka na kujikunja. Tairi iliyosimama tu haipati kinga hiyo sawasawa. Basi kuiweka tairi bila kuitumia si kuizuia isizeeke.

Mwezi wa Septemba mwaka 1912 ukiongezewa miaka mia, yaani 2012, basi moja lililokuwa likitoka kwenye tamasha lilianguka karibu na Hindhead, katika Uingereza, baada ya tairi ya mbele kupasuka. Watu watatu walikufa. Tairi hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19, tena ilikuwa kubwa kwa umri kuliko basi lenyewe. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kukataza tairi kwa sababu ya uzee wake. Tangu tarehe 1 Februari 2021, sheria ya nchi hiyo inakataza tairi zilizopita miaka 10 katika magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Je, umri wa tairi hujulikanaje? Tazama ubavuni, penye herufi DOT. Mwisho wa maandishi hayo pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Ikiwa tarakimu ni tatu tu, tairi hiyo ni ya kabla ya mwaka 2000, nayo haifai safari hata kama inang'aa. Pengine tarakimu hizo zimeandikwa upande wa ndani tu, basi usione uvivu kuinama chini ya gari.

Watengenezaji wengi wa motakaa hushauri kubadili tairi baada ya miaka 6. Kampuni ya Michelin hushauri kwamba baada ya miaka 5 ya matumizi fundi azikague kila mwaka, na zikifika miaka 10 tangu kutengenezwa ziondolewe, hata gurudumu la akiba. Lakini ukiona nyufa, uvimbe, au gari likitetemeka bila sababu, usingoje miaka itimie.

Tairi za kuwekwa na ziwekwe mahali penye giza, pakavu na pasipo joto, mbali na mafuta ya petroli na mashine za umeme. Gari litakalosimama muda mrefu na liinuliwe juu ya vigingi imara, ili uzito wake usizibonyeze tairi upande mmoja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika katika daftari lako tarehe ya kila tairi. Ukinunua, soma tarakimu kwanza ndipo utoe fedha, kwa maana tairi inayoitwa mpya dukani yaweza kuwa imelala ghalani miaka mingi. Bei ya tairi nne ni kubwa, lakini haifiki thamani ya watu wanaopanda gari lako.