Bustani ya Itumba, Mboga ya Julai

Mada: Kutunza bustani ya jikoni wakati wa masika
Wasikilizaji: Familia za Cyanzarwe na sekta jirani za Rubavu, pamoja na wanaotusikia ng'ambo ya mpaka, Goma na Nyiragongo
Sauti: MTANGAZAJI (kijana), MAMA MSHAURI (mkulima, mshauri wa bustani)
Ujumbe mkuu: Mvua ya itumba itumike kuandaa chakula cha kiangazi.

[MUZIKI WA KIPINDI. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Mpenzi msikilizaji, habari ya saa hizi. Karibu tena katika kipindi chetu. Kama uko Cyanzarwe, huhitaji kuambiwa kuwa itumba limeingia. Mvua za masika, zile za Machi mpaka Mei, zimeanza kupiga mabati. Leo tunazungumza kuhusu bustani ya jikoni, ile tunayoiita akarima k'igikoni. Niko na mama yetu, mshauri wa bustani. Mama, shikamoo.

MAMA MSHAURI: Marahaba mwanangu. Nawasalimu wote wanaotusikia.

MTANGAZAJI: Mama, nikuulize swali la mtu mvivu. Wakati wa mvua kila kitu kinaota chenyewe. Bustani inahitaji kazi gani?

MAMA MSHAURI: (Anacheka) Hapo ndipo wengi tunadanganyika. Mwezi wa Aprili kila nyumba ina dodo. Utakula, utampa jirani, utapeleka sokoni na bei itakuwa ndogo kwa sababu kila mtu anayo. Sasa nenda nyumba hiyo hiyo mwezi wa Julai. Juni, Julai na Agosti mvua ni chache sana. Utakuta viazi, utakuta maharagwe, lakini mboga hakuna. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kungoja mvua ya Septemba. Miezi mitatu katika maisha yake ni muda mrefu sana.

MTANGAZAJI: Unazungumzia udumavu.

MAMA MSHAURI: Ndiyo. Utafiti wa afya ya familia wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba katika Rwanda, watoto 33 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Ubongo wake pia unakosa nafasi ya kukua inavyotakiwa. Viazi vinashibisha, lakini mwili unataka pia vitamini na madini yaliyo kwenye mboga za kijani na karoti. Ndiyo maana nasema, bustani ya itumba tunailima Aprili tukifikiria sahani ya Julai.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Tuanze na udongo. Huku kwetu ni mweusi, mwepesi, na una mawe mengi.

MAMA MSHAURI: Udongo wetu umetokana na volkano za Virunga. Una madini mengi, ndiyo maana karoti, vitunguu na viazi vya Rubavu vinasifiwa. Lakini una tabia mbili za kuzijua. Ya kwanza, unapitisha maji haraka. Mvua ikikatika wiki mbili tu, juu panakuwa vumbi. Ya pili, ukiwa kwenye mteremko bila kitu cha kuushika, mvua inaubeba. Kinachoondoka kwanza ni ile tabaka ya juu yenye rutuba.

MTANGAZAJI: Na mvua za huku tunazijua. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 zilileta mafuriko na maporomoko Magharibi na Kaskazini mwa nchi. Watu zaidi ya 130 walifariki. Hapa Rubavu mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba za watu.

MAMA MSHAURI: Mungu awarehemu. Bustani ya jikoni haiwezi kuzuia mafuriko kama yale. Lakini kila familia ikizuia maji yanayotiririka kwenye ua wake, udongo unabaki nyumbani badala ya kwenda mtoni.

MTANGAZAJI: Tunayazuiaje?

MAMA MSHAURI: Kwa mawe yale yale tunayoyalalamikia. Chagua mahali karibu na jiko panapopata jua. Chora duara la kama hatua mbili kubwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Panga mawe kuzunguka duara, mpaka yafike chini kidogo ya goti. Jaza udongo uliochanganywa na mboji au samadi iliyooza vizuri. Juu yake panga duara dogo zaidi, ujaze tena. Ukitaka, weka na la tatu. Inakuwa kama ngazi ya mviringo. Hata mwenye ua mdogo anapata sehemu kubwa ya kupanda, na maji yanateremka polepole ngazi kwa ngazi.

MTANGAZAJI: Nimeona nyingine zina shimo katikati.

MAMA MSHAURI: Ile ni nzuri sana kwa kiangazi. Simamisha vijiti katikati kama kikapu kisicho na kitako, humo utie maganda ya viazi, majani na majivu kidogo. Vinaoza na kulisha bustani kutoka ndani. Wakati wa jua, maji ya kumwagilia unayamimina humo, yanakwenda moja kwa moja kwenye mizizi. Usitie nyama wala mifupa, utaita panya na mbwa.

MTANGAZAJI: Na mimi niliyepanga chumba kimoja Gisenyi mjini? Au mtu aliyekimbia vita ambaye hana ardhi?

MAMA MSHAURI: Chukua gunia. Weka debe lililotobolewa chini na juu katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo. Kuzunguka debe jaza udongo na mboji. Vuta debe juu kidogo, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Unabaki na mnara wa mawe katikati, maji yanapita humo mpaka chini. Toboa matundu pembeni, panda mboga juu na ubavuni.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa tupange miezi. Kalamu na karatasi karibu, msikilizaji.

MAMA MSHAURI: Machi, andaa ngazi zako na upande dodo, maana ndani ya wiki tatu au nne utaanza kuchuma. Mwezi huo huo sia karoti na betiravu. Karoti usiihamishe, inataka kukaa pale ilipoota. Pia tengeneza kitalu kidogo cha kabichi, vitunguu na sukuma wiki, ukikinge na mvua kali kwa majani ya migomba.

Aprili, hamisha miche jioni, jua likishapungua. Acha nafasi. Najua unaona ardhi inapotea, lakini mimea iliyobanana haikauki baada ya mvua, na ugonjwa wa ukungu unapenda majani yenye unyevu.

MTANGAZAJI: Nyanya ndizo zinazoteseka zaidi.

MAMA MSHAURI: Nyanya na viazi, ni ndugu wanaoambukizana. Usizipande karibu. Nyanya ifunge kwenye mti, kata majani ya chini yanayogusa udongo, tandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe tope juu ya majani. Ukiona mabaka meusi, kata sehemu hiyo siku hiyo hiyo uifukie mbali na bustani. Usiitupe kwenye mboji.

MTANGAZAJI: Na Mei?

MAMA MSHAURI: Mei ndio mwezi wa maamuzi. Watu wanaona mboga zimejaa, wanaacha kupanda. Hapo ndipo njaa ya Julai inaanzia. Mei, mvua ikiwa bado ipo, panda mashina ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Vikishashika mizizi vinavumilia jua, na majani yake pia ni mboga. Sukuma wiki chuma majani ya chini tu, uache kichwa, itakupa miezi mingi. Na kila udongo ulio wazi ufunike kwa nyasi kavu, unene wa vidole vinne, kabla mvua haijakatika. Ukifunika udongo uliokwisha kukauka, umefunika ukavu.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Mama, nimeona bustani nyingine zina maua. Hiyo si anasa?

MAMA MSHAURI: Ua linafanya kazi mwanangu. Alizeti na maua mengine yanaita nyuki, na bila nyuki hupati maboga. Marigoldi, lile ua la rangi ya chungwa lenye harufu kali, mizizi yake inapunguza minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi ya nyanya na karoti. Na kuna pareto, ambayo wakulima wa nyanda za volkano, Musanze, Burera, Nyabihu na hapa Rubavu, wanaijua vizuri. Ua jeupe lenye kitovu cha njano. Watu wanaliuza kiwandani, lakini vishada vichache nyumbani vinasaidia pia.

MTANGAZAJI: Vinasaidiaje?

MAMA MSHAURI: Ua la pareto lina sumu ya wadudu. Kausha maua kivulini, yasage, changanya unga wake na maji yenye sabuni kidogo, unyunyize penye vidukari au viwavi. Fanya jioni, kwa sababu mbili: jua linaiharibu dawa hiyo upesi, na jioni nyuki wamekwisha kurudi mzingani. Sumu hiyo haimchagui nyuki. Usimwage karibu na maji yenye samaki, funika pua na mdomo unaposaga, weka mbali na watoto. Usichume mboga siku hiyo wala inayofuata, na ukichuma, zioshe vizuri.

MTANGAZAJI: Tumefika Juni. Mvua imekwisha, na maji ni ya kubeba kichwani.

MAMA MSHAURI: Basi maji yatumike mara mbili. Nyumba nyingi zina kandagira ukarabe, lile dumu la kunawia mikono unalokanyaga kwa mguu. Liweke pembeni ya bustani, chini yake weka beseni. Maji hayo mwagia kwenye udongo, si kwenye majani tunayokula. Mwagilia jioni au alfajiri. Mara moja kwa kina ni bora kuliko kidogo kidogo kila saa.

MTANGAZAJI: Na mboga ikifika jikoni?

MAMA MSHAURI: Osha kwanza, kata baadaye, pika muda mfupi, weka mafuta kidogo. Vitamini A ya dodo na karoti inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Mtoto akitimiza miezi sita, endelea kumnyonyesha, na mboga hiyo iponde laini kwenye viazi au maharagwe yake.

MTANGAZAJI: Kuna mtu anasema, kwa nini nihangaike, soko lipo.

MAMA MSHAURI: Soko ni zuri, na akina mama wengi wa Rubavu wanaishi kwa kuvusha mboga kwenda Goma. Lakini tunakumbuka Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona. Wenye kuuza walikosa wanunuzi, wakakosa na hela ya kununua. Yule mwenye bustani nyuma ya jiko alikuwa na pa kuanzia.

MTANGAZAJI: Asante sana mama.

MAMA MSHAURI: Asante mwanangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukitoka kwenye umuganda, pitieni kwa jirani mzee au mama aliyejifungua. Mawe kumi kutoka kwa kila mmoja yanatosha kumjengea ngazi ya kwanza.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kumbuka mambo matatu. Jenga ngazi za mawe zishike udongo. Panda tena mwezi wa Mei hata kama bustani imejaa. Funika udongo kabla mvua haijakwisha. Tukutane kipindi kijacho. Kaa salama.

[MUZIKI WA KUFUNGA]

Maswali ya vikundi vya wasikilizaji:
1. Mwaka jana Julai, nyumbani kwako mlikula mboga mara ngapi kwa wiki? Zilitoka wapi?
2. Maji ya mvua kwenye ua wako yanaelekea wapi, na yanabeba nini?
3. Ni nani kati ya majirani zetu hawezi kujenga bustani peke yake, na nani atamsaidia?