Je, Wajua? Toki, nguvu za farasi na wakati wa kubadili gia

Kwamba mkono wako unaweza kutoa toki inayokaribia ya injini? Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa toki ya nyutonmita 103. Egemeza uzito wa kilo 20 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa nusu mita, utakuwa umekaribia hapo. Injini ya lita 1.5 ya Toyota Probox, ile ya 1NZ-FE, kilele chake ni nyutonmita 141 hivi. Tofauti ni kwamba wewe unasokota nati robo mzunguko kisha unapumua, ilhali injini inasokota mara 4,200 kwa dakika bila kuchoka. Toki ni nguvu ya kusokota. Ukiizidisha kwa kasi ya mzunguko, ndipo unapopata nguvu za farasi.

Kwamba kipimo hicho cha farasi kilianzia sokoni? Katika karne ya 18, mhandisi Mskoti James Watt alikuwa akiwauzia injini za mvuke watu waliozoea kutumia farasi. Wateja walitaka kujua mashine moja ingechukua nafasi ya wanyama wangapi, naye akawapimia kazi ya farasi. Leo nguvu moja ya farasi ni sawa na kunyanyua kilo 75 kwa mita moja ndani ya sekunde moja.

Kwamba Land Cruiser ya kazi haiizidi Probox kwa farasi wengi? Injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, iliyobeba Land Cruiser nyingi za hospitali na mbuga za wanyama, ina takriban farasi 130. Probox ina 109. Lakini kwa toki, 1HZ inafika nyutonmita 285 hivi, mara mbili ya Probox, tena kwenye mizunguko 2,200 tu. Probox hupata farasi wake wote ikifika mizunguko 6,000. Ndiyo maana gari la dizeli huondoka na mzigo taratibu bila kuzungusha injini kwa kasi, na gari dogo la petroli likipakiwa vilevile hulazimika kupiga mayowe.

Kwamba gia haiongezi hata farasi mmoja? Inachozidisha ni toki, na kinachopungua ni mwendo. Tuseme gia ya kwanza ina uwiano wa 3.5 na difu, yaani gia ya kwenye ekseli, ina 4. Toki ya nyutonmita 140 itafika kwenye magurudumu ikiwa karibu 1,960, ukiacha inayopotea kwa msuguano. Magurudumu nayo yatazunguka mara moja kila injini inapozunguka mara 14.

Kwamba kilele cha toki si wakati wa kupandisha gia ukiwa unalipita lori? Kwenye mizunguko 4,200 Probox inatoa farasi 84 hivi. Kwenye 6,000 toki imeshapungua, lakini farasi ni 109. Ukiwahi kupandisha gia, unapoteza nguvu wakati unaihitaji zaidi. Shusha gia kabla hujatoka kwenye mstari wako, na ubaki nayo mpaka umalize kupita. Kwenye safari tulivu ni kinyume: pandisha mapema, kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa petroli, kwani mzunguko mdogo hupunguza msuguano na kuokoa mafuta. Injini ikianza kutetemeka na kukoroma, usikanyage zaidi. Imezidiwa, irudishie gia ya chini.

Kwamba gari lilelile ni dhaifu zaidi Nairobi kuliko Mombasa? Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kushindilia hewa, hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Dereva anayepanda kutoka pwani asishangae kurudisha gia kwenye kilima ambacho kule kwao angekipanda bila shida.

Kwamba treni za SGR, yaani reli ya kisasa, hazibadilishi gia? Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mota za umeme hutoa toki kubwa tangu gurudumu likiwa limesimama. Hata ile ya Mombasa hadi Nairobi, inayotumia dizeli, injini yake huzalisha umeme, na mota ndizo zinazosukuma magurudumu.

Kwamba kutoa gia kwenye mteremko hakuokoi mafuta? Gari la kisasa likiwa ndani ya gia na mguu umeachia mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Hasara kubwa zaidi ni ya usalama: uzito wote wa gari huangukia breki, zinapata moto, na zikizidi kuwaka hazishiki tena. Kwenye mlima kama Kitonga, Iringa, lori lililopakiwa lishuke kwa gia ileile ya chini ambayo lingeitumia kupanda, au ya chini zaidi, na dereva aingize gia hiyo kabla mteremko haujaanza. Gari likishashika kasi, gia ya chini inaweza kukataa kuingia. Ukiwa abiria na ukasikia dereva ametoa gia mlimani, mwambie airudishe. Ni haki yako, na wote mliomo ndani mnaitegemea gia hiyo.