Asali Nzito Asubuhi, Nyepesi Mchana

Hebu chukua chupa ya asali alfajiri wakati wa kipupwe, uiinamishe. Asali itashuka polepole kama haitaki kutoka. Chupa ile ile iweke juani hadi saa nane mchana, kisha uiinamishe tena. Itatiririka. Nawe hukutia hata tone la maji.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu huleta ugomvi sokoni. Mnunuzi anafika jua kali, anachovya kijiti, asali inachuruzika. "Mama, hii umetia maji!" Bei inashushwa, na muuzaji anakosa la kujibu.

Asali ni mchanganyiko wa sukari na maji. Katika sehemu 100 za asali iliyokomaa, maji huwa kama 17 au 18 tu. Karibu zote zinazobaki ni sukari. Chembe za sukari na maji zimeshikana, ndiyo maana asali huvutika. Ukaidi huu wa kutiririka wataalamu huuita mnato. Siyo uzito wa mizani. Mafuta ya kula yana mnato kupita maji, na bado huelea juu ya maji!

Joto likiingia, chembe zile huchezacheza kwa kasi, zikaachiana na kupishana kwa urahisi. Asali ikitoka joto la nyuzi 20 kufika nyuzi 40, mnato wake unaweza kushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Maji matupu, kwa joto hilo hilo, hupungukiwa thuluthi moja hivi tu. Asali ikipoa, mnato hurudi.

Lakini maji nayo hupunguza mnato. Asali yenye sehemu 20 za maji inaweza kuwa na chini ya nusu ya mnato wa ile yenye 17. Basi kijiti cha mnunuzi hakiwezi kutofautisha jua na maji. Afadhali kuweka chupa mbili, ya asali mnayoiamini na ya ile inayoshukiwa, mahali pamoja usiku kucha, na kuziinamisha pamoja asubuhi. Ikiwa moja bado ni nyepesi mno, hapo shaka ina msingi. Hata hivyo si lazima mtu awe ametia maji: huenda alirina mapema, masega hayajafunikwa nta. Asali ya namna hiyo maji yake yakizidi sehemu 20, huchacha upesi na kutoa povu.

Wakati wa kuchuja, joto ni rafiki. Chujeni mchana. Kukiwa na baridi, wekeni chombo cha asali ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida. Msiinjike asali motoni. Itachujika haraka, kweli, lakini harufu na ladha yake vitaharibika, na rangi itakuwa nyeusi. Kisha funikeni vizuri, maana asali hunyonya unyevu wa hewani.

Ipo pia asali ya nyuki wadogo wasiouma. Hiyo kwa asili yake ina maji mengi, hata sehemu 25 na zaidi, nayo ni nyepesi asubuhi na mchana. Mwenye kuiuza asiitwe mwizi.