Kocha wa magongo ya barafuni apimwe kwa ushindi au kwa vijana anaowakuza?

SAMAKI mkunje angali mbichi, ndivyo walivyonena wahenga. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba samaki huyo huyo, akishikwa kwa pupa, huharibika mikononi mwa mpishi kabla hajafika jikoni. Ndiyo maana katika michezo ya kulipwa swali la nani anayemkuza kijana, na kwa namna gani, halijapata jibu moja hadi leo.

Nchini Kanada na Marekani, swali hilo huulizwa kwa ukali zaidi katika mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, mchezo ambao ligi yake kubwa, NHL, ina timu 32. Kila timu inapoamua kukivunja kikosi chake na kukijenga upya kwa kutumia chipukizi, mashabiki hugawanyika. Wako wanaotaka kocha afukuzwe kwa sababu timu inafungwa kila wiki. Wako wanaomtetea kwa hoja kwamba kazi aliyopewa si kushinda leo, bali kuandaa watakaoshinda kesho.

Timu inayojengwa kwa kushindwa

Kwa msomaji aliyezoea soka, utaratibu wa NHL unaweza kuonekana kama dunia iliyopinduliwa. Katika ligi hii hakuna kushuka daraja. Timu inayoburuta mkia haipotezi nafasi yake, na badala yake huzawadiwa. Kila mwaka hufanyika uteuzi wa chipukizi, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 18, ambapo timu huchagua kwa zamu katika raundi saba. Timu zilizofanya vibaya zaidi ndizo zenye nafasi kubwa ya kuchagua mwanzoni, ingawa mpangilio wa juu huamuliwa kwa bahati nasibu ili kuzuia timu kujiangusha kwa makusudi.

Aidha, tangu mwaka 2005 ligi imeweka kikomo cha fedha ambazo timu inaweza kutumia kulipa mishahara. Tajiri hawezi kununua nyota wote sokoni kama inavyotokea Ulaya katika soka. Njia iliyobaki kwa timu dhaifu ni kuwauza wachezaji wakongwe, kupokea chipukizi na nafasi za uteuzi kama malipo, kisha kusubiri. Kusubiri huko huweza kuchukua miaka mitatu, mitano au hata kumi.

Hapo ndipo kocha anapojikuta njia panda. Uongozi umempunguzia wachezaji bora, na kila anaposhindwa timu inasogea karibu na chipukizi bora wa mwaka ujao. Hata hivyo, yeye ndiye anayesimama mbele ya waandishi wa habari kila baada ya kipigo, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye rekodi.

Mwenye dakika mkononi

Nguvu ya kocha katika mchezo huu ni kubwa kuliko ile ya mwenzake wa soka. Kocha wa soka hubadilisha wachezaji watano kwa mechi, na aliyetoka harudi. Katika magongo ya barafuni timu huwa na wachezaji sita uwanjani, pamoja na kipa, lakini huvalisha jezi wachezaji 18 wa ndani na makipa wawili. Mabadiliko hufanyika wakati wowote, hata mchezo ukiendelea, na mchezaji hukaa barafuni kwa chini ya dakika moja kabla ya kupumzishwa. Mechi ina dakika 60, zilizogawanywa katika vipindi vitatu vya dakika 20.

Maana yake ni kwamba kocha hufanya uamuzi wa nani aingie mara nyingi mno katika usiku mmoja. Kijana akipoteza kile kisahani cheusi cha mpira kinachotumika badala ya mpira wa duara, na wapinzani wakafunga bao, kocha anaweza kumwadhibu papo hapo kwa kumwacha benchi hadi mechi iishe. Anaweza pia kumrudisha uwanjani dakika mbili baadaye. Uamuzi huo mdogo, ukirudiwa kwa mechi zote za msimu, ndio unaomfundisha kijana kama ajaribu tena au ajifiche.

Makocha wa mtindo wa zamani huamini katika adhabu. Kwao, kijana asiyelinda lango hastahili dakika, na dakika ni mshahara unaopatikana kwa jasho. Makocha wa kizazi kipya husema kijana aliyeletwa kwa sababu ya ubunifu wake hawezi kukatazwa kubuni kila anapokosea, kwa kuwa kipaji chake na makosa yake hutoka chungu kimoja.

Mfano wa Montreal

Hakuna mahali mjadala huu ulikopamba moto kama Montreal, mji wenye timu iliyotwaa Kombe la Stanley mara 24. Mwaka 2021 Montreal Canadiens walifika fainali na kufungwa na Tampa Bay Lightning. Msimu uliofuata walianguka vibaya. Februari 2022, wakiwa wameshinda mechi nane tu kati ya 45, uongozi ulimwondoa kocha Dominique Ducharme na kumpa timu Martin St. Louis.

Uteuzi huo uliwashangaza wengi. St. Louis hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya kulipwa. Alikuwa akifundisha watoto, wakiwamo wanawe. Kilichombeba ni historia yake ya uwanjani: mchezaji mfupi ambaye hakuna timu iliyomchagua katika uteuzi wa chipukizi, lakini mwaka 2004 akatwaa Kombe la Stanley na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, na mwaka 2018 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Mtu wa kwanza kuonyesha tofauti alikuwa Cole Caufield, mshambuliaji kijana mwenye kimo kifupi kama cha kocha wake mpya. Msimu huo chini ya Ducharme alikuwa amefunga bao moja katika mechi 30, na kwa muda alishushwa kwenye timu ya daraja la chini iliyoko Laval. Chini ya St. Louis alifunga mabao 22 katika mechi 37 zilizobaki. Timu bado ilimaliza mkiani mwa ligi ikiwa na pointi 55, lakini Juni 2022 kocha huyo alipewa mkataba wa miaka mitatu.

Nafasi ya mwisho iliwapa Canadiens chaguo la kwanza, nao wakamchukua Juraj Slafkovský wa Slovakia, aliyekuwa akicheza Finland. Msimu wake wa kwanza ulikuwa mgumu: mabao manne katika mechi 39, kisha akaumia. Wakosoaji walisema angepelekwa Laval akakomae taratibu. Kocha na uongozi walimbakiza. Msimu wa 2023/24 alicheza mechi zote 82 na kufunga mabao 20, na kwa kujumlisha pasi za mabao alipata pointi 50.

Mfano mwingine ni beki Lane Hutson, aliyechaguliwa wa 62 katika uteuzi huo huo wa mwaka 2022. Mabeki wanaopenda kusogea mbele na kucheza na hatari huwatia makocha wengi hofu. Msimu wa 2024/25 Hutson aliachiwa acheze kwa namna yake, akatoa pasi 60 za mabao na kushinda tuzo ya chipukizi bora wa ligi. Montreal walipanda kutoka pointi 68 mwaka 2023 hadi 76 mwaka 2024 na 91 mwaka 2025, wakafuzu hatua ya mtoano, ambako walitolewa na Washington Capitals kwa mechi nne kwa moja.

Edmonton: vipaji tele, makocha tele

Kwa upande mwingine wa nchi hiyo hiyo, Edmonton Oilers walitoa somo la kinyume. Walipata chaguo la kwanza kwa miaka mitatu mfululizo: Taylor Hall mwaka 2010, Ryan Nugent-Hopkins mwaka 2011 na Nail Yakupov mwaka 2012. Kwa hesabu za karatasini, timu hiyo ilipaswa kutisha. Badala yake ilikaa misimu 10 mfululizo, kuanzia 2006/07 hadi 2015/16, bila kuonja hatua ya mtoano.

Katika misimu sita aliyokaa huko, Hall alifundishwa na Tom Renney, Ralph Krueger, Dallas Eakins, Todd Nelson na Todd McLellan. Kila aliyeingia alikuja na mfumo wake na tafsiri yake ya kosa. Kilichosifiwa na huyu kilikemewa na yule. Mwaka 2016 Hall aliuzwa New Jersey Devils, na mwaka 2018 akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kipaji kilikuwapo siku zote, kilichokosekana ni udongo uliotulia wa kukioteshea.

Yakupov hakuwa na bahati hiyo. Alifunga mabao 17 katika mechi 48 za msimu wake wa kwanza, kisha kiwango chake kikashuka. Kufikia mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa ameondoka NHL. Haiwezekani kuthibitisha kwamba kocha mmoja mvumilivu angemwokoa, lakini hatima yake huonyesha kilicho hatarini: timu iliyokosea kumkuza kijana huteua mwingine mwaka ujao, lakini kijana mwenyewe hana ujana wa pili.

Hoja za upande wa pili

Hata hivyo, si haki kumvika kocha taji peke yake, wala kumtwisha lawama zote. Wanaotilia shaka sifa za St. Louis wana hoja zenye uzito. Caufield, wasema, asingeweza kuendelea kukosa bahati kwa kiwango kile. Mabao yangerudi chini ya kocha yeyote. Vilevile uongozi wa Montreal, chini ya meneja mkuu Kent Hughes, uliajiri wataalamu wa kukuza ufundi wa mchezaji mmoja mmoja, nao hufanya kazi mbali na kamera. Tena katika misimu ya 2022/23 na 2023/24 timu hiyo iliruhusu mabao mengi kuliko iliyofunga, jambo linalozua swali kama uhuru wa kushambulia haukulipiwa kwa udhaifu wa ulinzi.

Wala si kweli kwamba kumbakiza kijana katika timu kubwa ndiyo njia pekee. Leon Draisaitl, aliyechaguliwa na Edmonton mwaka 2014, alirudishwa kwenye ligi ya vijana baada ya mechi 37. Mwaka 2020 aliongoza NHL kwa pointi na akawa mchezaji bora wa ligi hiyo. Kushushwa hakukumvunja, kwa kuwa alikokwenda alipata dakika nyingi na jukumu kubwa.

Upo pia mfano wa Toronto Maple Leafs, waliomwajiri Mike Babcock mwaka 2015. Huyu alikuwa kocha mwenye Kombe la Stanley na medali mbili za dhahabu za Olimpiki. Timu ilimaliza mkiani mwaka 2016, ikampata Auston Matthews, na mwaka mmoja baadaye ikafuzu mtoano kwa pointi 95. Kwa kipimo cha msimamo, hiyo ilikuwa kazi njema. Lakini ikatolewa katika raundi ya kwanza mara tatu mfululizo, na Babcock akafukuzwa Novemba 2019. Muda mfupi baadaye ilifichuka kwamba aliwahi kumtaka mchezaji chipukizi awapange wenzake katika orodha kwa kadiri ya bidii yao, kisha yaliyomo yakawafikia wenzake hao. Babcock alikiri tukio hilo na kusema aliomba radhi. Msimamo wa ligi haukuwa umeonyesha hali ya imani ndani ya chumba cha kubadilishia nguo.

Kipimo kinachofaa

Kutokana na mifano hiyo, yapo mambo matatu yanayoweza kumsaidia shabiki kumhukumu kocha kwa haki wakati timu inajengwa upya. La kwanza ni kama vijana wa mwaka huu ni bora kuliko walivyokuwa mwaka jana, mmoja mmoja, bila kujali timu imeshinda ngapi. La pili ni kile kinachotokea baada ya kosa: je, kijana hurudi uwanjani akiwa ameelezwa kosa lake, au hurudi akiwa na hofu? La tatu ni kama uongozi umempa kocha muda unaolingana na kazi aliyotumwa.

Uvumilivu nao una mpaka. Kocha anayesamehe kila kitu hafundishi, na timu ikizoea kufungwa, mazoea hayo huota mizizi hata kwa wenye vipaji. Wakati fulani lugha ya kujenga hubadilika kuwa kisingizio, na hapo ushindi hurejea kuwa kipimo halali. Montreal walifika kwenye kivuko hicho walipofuzu mtoano mwaka 2025: tangu siku hiyo, kocha aliyesifiwa kwa kukuza vijana alianza kudaiwa mataji.

Kocha hawezi kuumba kipaji ambacho hakikuwapo, lakini ana uwezo kamili wa kukizima kilichopo. Kwa timu iliyokubali kushindwa miaka mitatu ili ipate kijana mmoja wa thamani, kumkabidhi kijana huyo kwa mtu asiyefaa, au kwa watu watano tofauti, ni sawa na mkulima aliyevumilia njaa ili atunze mbegu, kisha akaipanda juu ya mwamba.