Mafuriko ya Mto: Mama, Jiandae Mapema

Leo tunazungumza juu ya mafuriko, hasa nanyi mnaoishi kando ya Mto Tana, kuanzia Garissa kuteremka hadi Hola na Garsen.

Mto Tana una jambo moja linalowanasa wengi. Unaweza kufurika kwenu hata kama kijijini hakujanyesha tone. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mvua ikizidi huko, mabwawa ya Seven Forks, kama Masinga na Kiambere, hujaa na kumwagika. Maji hayo huchukua siku kadhaa kukufikia. Siku hizo ndizo nafasi yako. Ukisikia kwa redio au kwa chifu kwamba mabwawa yamejaa, usingoje kuona mawingu. Anza kujiandaa siku hiyo hiyo.

Kabla ya maji kufika

Wakati wa kiangazi, inua sakafu ya nyumba kwa udongo ulioshindiliwa, na uchimbe mtaro wa kupitisha maji. Usikate miti iliyo ukingoni, kwa maana mizizi yake hushika udongo. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30.

Weka nafaka juu ya uchaga. Katika mfuko wa plastiki funga kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, na dawa za kila siku kama za kifua kikuu, sukari au ARV. Dawa hizi zisikatizwe. Weka pia chandarua, sabuni, kiberiti na dawa ya kutibu maji.

Kama una mimba iliyokaribia, nenda mapema kwa jamaa anayeishi karibu na kituo cha afya. Barabara ikikatika, uchungu hautangoja.

Wakati wa kuondoka

Kubalianeni nyumbani mapema kwamba maji yakikaribia, mama ataondoka na watoto bila kumngoja baba arudi kutoka malishoni. Ukuta wa udongo ukilowa huweza kuanguka usiku mkiwa mmelala. Nyumba hujengwa tena, mtoto harudi.

Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata yakifika chini ya goti tu. Yana nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na katika Tana huenda mamba yumo.

Maji ya kunywa na kuhara

Mafuriko hubeba kinyesi kutoka vyooni hadi visimani. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, kipindupindu kilizuka katika kaunti ya Tana River. Kwa hivyo, acha maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa kama ilivyoelezwa kwenye chupa. Yaweke katika chombo chenye kifuniko. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kwenda choo na kabla ya kulisha mtoto.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha na umpe ORS. Ukikosa pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mpe kidogo kidogo huku ukimpeleka zahanati. Ukiona choo kama maji ya mchele, macho yaliyoingia ndani, au hawezi kunywa, usikawie hata kidogo.

Mkirudi nyumbani

Kagua nyufa za ukuta kabla ya watoto kuingia. Tazama nyoka kwenye vyombo na nguo. Tupa chakula kilichoguswa na maji. Usinywe maji ya kisima mpaka afisa wa afya ya umma akitie dawa. Lala ndani ya chandarua na watoto wako, kwa sababu madimbwi yanayobaki huzaa mbu wa malaria.

Mama, mto hauzuiliki kwa mikono, lakini habari ya mto hufika kabla ya maji. Ukiipata, mwambie na jirani yako, hasa ajuza aishiye peke yake. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.